Kabla ya kulipa matokeo, tuwahesabu watoto wote

Maneno haya niliyasema mbele ya wadau wa elimu wa wilaya yetu. Wengi walikuwa mashambani siku ile, wakaomba wayapate kwa maandishi. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, ila majedwali yaliyooneshwa ukutani nimeyaacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, Afisaelimu wetu, maafisa elimu kata, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, wazazi, na ninyi wanangu mnaofundisha leo madarasa niliyoyafundisha mimi. Mwangaluka! Shikamooni wakubwa zangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Hoja iliyo mezani tumeisoma sote. Inasema fedha za elimu zinazotoka kwenye mapato yetu ya ndani zigawanywe kwa kufuata ufaulu. Shule iliyofanya vizuri darasa la saba ipate zaidi. Shule inayoburuza mkia ipunguziwe mpaka itakapojirekebisha. Mheshimiwa diwani aliyeileta namheshimu sana, nami nilimfundisha darasa la tano. Ana uchungu, nao uchungu wake naujua. Anauliza: kwa nini tuendelee kumwaga mbegu mahali pasipoota?

Ni swali la haki kabisa. Fedha ile ni ya wananchi. Ni ushuru wa mama anayeuza nyanya gulioni. Mama yule ana haki ya kuuliza, shilingi yangu imemfundisha nani? Atakayesimama hapa na kusema swali hilo lisiulizwe, mimi simo upande wake.

Lakini kabla hatujanyoosha mikono kupitisha, naomba nizungumze kuhusu mizani.

Sisi ni watu wa pamba. Hakuna aliyemo humu asiyejua kinachotokea pale bei inapofungwa kwenye uzito peke yake. Niambieni, kinatokea nini? (Ukumbi ulijibu: "Maji!" na wengine, "Mchanga!") Mmesema wenyewe. Usiku mtu anainyunyizia pamba maji. Mwingine anatia mchanga katikati ya robota. Asubuhi mzani unasema kilo zimeongezeka, na karani anaandika. Lakini kiwandani, pamba inapochambuliwa, nyuzi ni zilezile, tena zimeharibika. Je, wote wanaofanya hivyo ni wezi kwa asili? Hapana. Wengi ni watu wazuri, wazazi, wacha Mungu. Wameona kitu kimoja kinalipwa, wakakifuata hichohicho.

Darasani pia maji yapo, na mchanga upo. Ninajua kwa sababu niliwahi kuutia kwa mikono yangu.

Mnakumbuka Februari 2013? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilisimama. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mwaka huohuo tukaletewa mpango wa serikali ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zote zikapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kitaifa na kiwilaya. Zikapewa rangi, kijani, njano na nyekundu.

Shule yangu ilipata nyekundu. Katika kikao kimoja niliambiwa nisimame, nikasimama mbele ya wenzangu wote kama mtoto aliyechelewa namba. Shule yangu haikukatwa hata shilingi moja kwa ajili ya rangi ile. Sikilizeni vizuri hapo: haikukatwa hata shilingi moja. Ilikuwa aibu tu. Na aibu peke yake ilinitosha kufanya nililolifanya.

Nilikuwa na kijana darasa la sita. Mpole, mwenye nguvu, ndiye aliyekuwa akibeba madumu ya maji ya walimu bila kuagizwa mara mbili. Kusoma kulikuwa kunamshinda. Nilimwita mama yake. Alikuja, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nikamwambia, "Mama, kijana bado hajakomaa. Mwache arudie darasa la sita, mwaka mmoja tu, akomae." Mama akanishukuru. Ndugu zangu, alinishukuru! Alidhani namtakia mwanawe mema. Mimi na mwalimu wangu wa taaluma tulijua ukweli, kwamba jina lile likienda kwenye usajili wa darasa la saba, wastani unashuka.

Januari hakurudi. Alikuwa ameshakuwa mrefu kuliko dawati, na wadogo zake walikuwa wamemfikia. Nani angerudi?

Mwaka ule tulitoka nyekundu tukaingia njano. Tulichinja mbuzi. Nilipongezwa.

Miaka ikapita, nikastaafu. Msimu mmoja nilipeleka pamba yangu kwenye chama cha msingi. Kijana mmoja mrefu akanisogelea, akanyenyekea, "Shikamoo Mwalimu." Akanipa stakabadhi yake. "Namba nazijua, Mwalimu. Nisomee haya maneno ya chini." Nikamsomea. Yalisema makato ya viuadudu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mimi sikuchukua viuadudu mwaka huu. Sasa nilitia dole gumba kwenye nini?"

Tulirudi kwa karani, daftari likafunguliwa, ikaonekana jina limechanganywa, akarudishiwa haki yake. Lakini mimi sikulala usiku ule. Tangu siku ile nimekuwa nikiomba nafasi ya kusimama mbele ya kikao kama hiki. Leo mmenipa.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Shule ina watoto 50 darasa la saba. Watoto 30 wamefaulu. Ni asilimia ngapi? Asilimia 60. Sasa waondoe 10 wasiojua kusoma kabla ya usajili. Wamebaki 40. Waliofaulu ni walewale 30. Ni asilimia ngapi? Asilimia 75! Ufaulu umepanda kwa pointi 15, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi mpya. Hoja iliyo mezani ingeipa shule hiyo fedha zaidi. Ingeilipa kwa kuwafukuza watoto 10.

Msije mkadhani hii ni dhambi ya mwalimu mmoja aliyezeeka. Watafiti waliufuatilia mpango ule wa Matokeo Makubwa Sasa kwa takwimu za nchi nzima, za mwaka 2011 hadi 2016. Wakakuta mambo mawili, nami nitayasema yote mawili, maana si haki kutaja moja na kulificha jingine. La kwanza, shule zilizokuwa mwisho kabisa kwenye wilaya zao ziliinua alama. Kweli ziliinua. Kutazamwa kunasaidia, na mwalimu mkuu asiyeulizwa na mtu yeyote hulala. La pili, shule ziliwaacha pembeni baadhi ya watoto, wasifike darasa la saba. Waliokuwa wazito walipotea kwenye orodha. Niliposomewa maelezo yale nilihisi kama kuna mtu alikuwa amekaa nje ya ofisi yangu, kwenye lile benchi, akiandika.

Tena jambo hili ni la zamani kuliko shule zetu zote. Mwaka 1862, enzi ambazo huku kwetu Mirambo bado alikuwa kijana, serikali ya Uingereza ilianzisha malipo kwa matokeo. Aliyesimamia aliitwa Robert Lowe. Aliwaahidi wabunge kwamba mfumo huo usipokuwa rahisi kwa gharama utakuwa na tija, na usipokuwa na tija utakuwa rahisi kwa gharama. Kwa mlipa kodi ni maneno matamu. Ruzuku ilikokotolewa hivi: kwa mtoto mmoja, shilingi 4 kwa mahudhurio na shilingi 8 kwa mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Mtoto akishindwa somo moja, shule inapoteza shilingi 2 na peni 8. Akishindwa yote matatu, zile 8 zote zimeondoka.

Walimu walifanya nini? Walifanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Walikamatia kitabu kimoja cha kusomea, watoto wakakikariri mwaka mzima, hata mtoto asiyeijua herufi akaweza "kusoma" ukurasa mbele ya mkaguzi bila kukosea. Jiografia na historia zikasukumwa pembeni, kwa sababu hazikuwa na shilingi. Na shule za watoto maskini, wale wanaokosa vipindi kwa kwenda viwandani na mashambani, ndizo zilizopoteza ruzuku zaidi, kwa hiyo zikashindwa kuajiri mwalimu mzuri, kwa hiyo zikafeli tena. Wakaguzi wenyewe walilalamika. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 30, mpaka miaka ya 1890, kuung'oa mfumo ule kabisa. Miaka 30 ni watoto wangapi?

Tusiende mbali. Hapo ng'ambo ya ziwa, Busia na Teso nchini Kenya, mwaka 1998 na 1999, shule 50 za msingi ziliingizwa kwenye mpango wa tuzo kwa walimu. Shule ikifanya vizuri, au ikipanda sana kuliko ilipokuwa, walimu wake wanapata zawadi: suti, sahani na vijiko, seti ya chai, shuka na mablanketi. Waandaaji walikuwa makini, maana shule ilipoteza pointi kwa mtoto asiyekuja kufanya mtihani, na nasi tuige hilo. Alama za mtihani ule zikapanda. Watu wakafurahi.

Kisha watafiti wakauliza maswali ya mtu mzima. Je, walimu walikuja kazini siku nyingi zaidi? Hapana. Je, walitoa kazi za nyumbani zaidi? Hapana. Waliongeza nini? Vipindi vya ziada vya kufundisha namna ya kujibu mtihani. Na mpango ulipokwisha, zile alama zilizopanda hazikubaki. Suti zilibaki, alama zikaondoka.

Na pale mkazo unapozidi sana, mambo huharibika kabisa. Jijini Atlanta, Marekani, shule zilisukumwa na malengo ya alama mpaka walimu wakawa wanakaa baada ya kazi wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watumishi 11 wa elimu walitiwa hatiani mahakamani. Hao ni walimu! Sina hamu ya kukaa sana kwenye habari hiyo, inanitia simanzi.

Basi mtasema, Mwalimu amekuja kuiua hoja. Hapana. Nisikilizeni, maana sasa naingia mahali ambapo hata mimi nilibadilika mawazo.

Kwa miaka yote niliyokuwa kazini, nilikuwa na jibu moja tu. Tupeni fedha, mtaona matokeo. Kwenye kila kikao nilisimama na wimbo huo. Fedha, fedha, fedha. Kisha nikasoma habari za KiuFunza.

KiuFunza ulikuwa mpango wa shirika la Twaweza, hapahapa Tanzania, mwaka 2013 na 2014. Shule za msingi 350 katika wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, ikitumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kamili, bila kupita mkononi mwa mtu. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Shule 70 zikapewa vyote viwili. Shule 140 zilizobaki hazikupewa chochote, zikawa za kulinganishia.

Sasa nawauliza walimu wenzangu, na msiseme kwa sauti, kila mtu ajibu moyoni. Shule zilizopata ruzuku peke yake, zikanunua vitabu na chaki na madaftari, watoto wake walijifunza kiasi gani zaidi?

Hakuna tofauti iliyoonekana. Miaka miwili ya fedha kamili, na alama za watoto zilikuwa sawa na za shule ambazo hazikupewa kitu.

Hapo ndipo panapotuuma sisi walimu. Niliposoma hivyo nilikasirika, nikasema watafiti wamekosea. Nikarudia kusoma. Kisha nikakumbuka vitabu vya kiada vilivyoletwa shuleni kwangu mwaka fulani, vikakaa kabatini na nailoni yake, kwa sababu niliogopa vitachanwa. Nani kati yenu ana kabati la namna hiyo? Tusidanganyane.

Na shule zilizopewa ahadi ya bonasi tu, bila ruzuku? Kwenye mtihani wenyewe wa bonasi alama ziliinuka kidogo. Watafiti walipowapima watoto kwa mtihani mwingine, usio na fedha nyuma yake, hapakuonekana tofauti ya maana. Mwalimu ana hamu, lakini darasa lina watoto themanini na kitabu kimoja. Hamu bila kitabu inaishia kwenye koo.

Lakini shule zilizopata vyote viwili, ruzuku na bonasi pamoja, watoto wake walijifunza. Kwenye mitihani yote miwili. Na faida ilikuwa kubwa kuliko ukijumlisha ya ruzuku peke yake na ya bonasi peke yake.

Mkulima mwenzangu, wewe mbona hili unalijua? Mwenye dawa bila pampu, na mwenye pampu bila dawa, wote wawili wadudu wanawamalizia pamba. Anayevuna ni mwenye vyote.

Sasa itazameni tena hoja yetu. Inataka kufanya nini? Inataka kumwendea mwenye pampu bovu, kumnyang'anya dawa, na kumwambia: ukivuna, tutakurudishia. Atavuna kwa kitu gani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, nizungumze kidogo kuhusu fedha yenyewe, kwa sababu tunaposema "kupunguza" tujue tunapunguza kutoka wapi. Tangu MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ya mwaka 2002, hesabu ya ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shilingi 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni, na 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Gawanya 6,000 kwa miezi 12. Ni shilingi 500. Mtoto mmoja, mwezi mmoja, shilingi 500. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, wino wa mashine, mpira wa michezo. Maandazi mawili ya gulioni yanaimaliza. Na Januari ile ile madarasa ya kwanza yalifurika; mnakumbuka tulivyowakalisha watoto chini ya miembe. Kwa hiyo mapato ya ndani tunayoyagawa hapa, kwa shule nyingi za pembezoni, ndiyo hewa ya ziada waliyonayo.

Na tuziseme shule zenyewe. Kuna shule hapa mjini ina walimu wa kutosha, watoto wanatoka nyumba zenye umeme, wazazi wanalipia masomo ya ziada jioni. Kuna shule kule ng'ambo ya mto ina walimu watatu, na mvua ikinyesha watoto hawavuki. Ya kwanza ikipata wastani wa 180 kati ya 300, na ya pili ikapata 110, nani amefanya kazi zaidi? Hatuwezi kujua! Mpaka tujue walianzia wapi. Ndiyo maana nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha, mwaka 2023, kutangaza zile shule kumi bora. Shule inayochagua watoto waliokwisha kuiva haikustahili kusifiwa kuliko inayompokea kila anayekuja na rula yake mkononi.

Kuna jambo jingine tunaloweza kujifunza kwa KiuFunza. Mwaka 2015 na 2016 walirudi, safari hii kwenye shule 180, wakajaribu namna mbili za kulipa. Namna moja ilikuwa na hesabu ngumu, mtoto akilinganishwa na wenzake walioanza naye sawa. Namna nyingine ilikuwa ngazi tu: mtoto akisoma silabi, kuna malipo. Akisoma neno, kuna malipo. Sentensi, aya, hadithi, vivyo hivyo. Wataalamu walitegemea ile ngumu itashinda. Ile rahisi ilifanya vizuri sawa nayo au kuizidi. Mwalimu aliielewa. Na angalieni uzuri wake: kijana wangu wa madumu, asiyeweza kusoma hadithi, angekuwa na thamani darasani. Silabi tano alizojifunza zingehesabiwa. Mwalimu asingekuwa na sababu ya kumtaka aondoke. Angekuwa na sababu ya kumkalisha dawati la mbele.

Na sasa neno gumu, nalisema kwa heshima zote mbele ya waheshimiwa waliokaa meza kuu. Hoja hii imefunga kamba shingoni kwa mwalimu. Upande wa pili wa kamba umefungwa kwa nani? Mwalimu mkuu wa ng'ambo ya mto hajiajirii walimu. Haamui nani apangwe wapi. Ule mpango wa lipa kulingana na matokeo tulioujua kwa jina la EP4R, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Benki ya Dunia, Uingereza na Sweden, ulikuwa na jambo moja ninalolipenda. Baadhi ya fedha zake hazikufungwa kwenye alama za mtoto. Zilifungwa kwenye kazi za wakubwa: je, takwimu za shule ni sahihi? Je, walimu wamegawanywa kwa uwiano kati ya shule na shule? Mwenye kalamu ndiye aliyewekewa masharti. Nasi tukitaka kulipa kwa matokeo, tuanze na sisi wenyewe tulio kwenye ukumbi huu wenye feni. Halmashauri iandike kwenye hoja hii, kwa maandishi, ni lini shule yenye walimu watatu itapata wa nne.

Ndugu zangu, ninaomba hoja isikataliwe. Ninaomba irekebishwe. Kifungu cha kupunguzia shule fedha kwa sababu ya ufaulu mdogo kiondolewe chote, neno kwa neno. Kila shule ipate kwanza fungu lake kwa idadi ya watoto, lifike kamili na kwa wakati, na kiasi kibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mzazi akione. Juu ya fungu hilo, tutenge fungu la motisha kwa walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu, lilipwe kwa ngazi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wanaopima wasiwe walimu wa shule hiyo. Shule zenye nyekundu zipate ziada ya kuanzia na mtu wa kwenda kukaa nao.

Na ufaulu wa darasa la saba, mkitaka kuendelea kuutumia, sawa, lakini tubadili kigawanyo. Tusigawanye kwa waliofanya mtihani. Tugawanye kwa walioandikishwa darasa la kwanza mwaka kundi hilo lilipoanza, ukitoa tu waliohama kwa barua ya uhamisho na wale Mungu aliowachukua. Mtoto aliyepotea ahesabiwe kuwa hakufaulu, na kosa liwe letu. Daftari za uandikishaji zipo. Walimu wakuu mnazo kabatini, nami najua kabati gani.

La mwisho ni langu binafsi. Yule kijana ana mtoto wa miaka mitano sasa. Januari ijayo anaandikishwa darasa la kwanza, katika mojawapo ya shule ambazo hoja hii, kama ilivyo, ingezipunguzia fedha. Baba yake aliniomba nimsindikize siku hiyo, kwa sababu kuna fomu ya kujaza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.